Kabla ya kutia sahihi na netiweki ya video, uliza matangazo atayaamua nani

Chaneli ya kasida ya Lamu au ya mapishi ya Malindi ikianza kupata watazamaji, barua pepe za netiweki huanza kuingia: "Jiunge nasi tukukuzie chaneli." Netiweki hizi ni kampuni zinazosimamia chaneli za watu wengi chini ya akaunti moja kubwa ya YouTube. Kama kuna anayekuahidi kukuvusha uanze kulipwa kwa matangazo kabla hujafikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 (au Shorts, yaani video fupi, kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90), achana naye, maana hana uwezo huo.

Wengi huuliza asilimia tu. Tunashauri uanze na swali jingine: ukishaingia, nani ataamua tangazo gani litokee kwenye video yako, na litokee wapi?

Aina ya tangazo huna haja ya kuigombania. Tangu Novemba 2023, kwa video mpya YouTube yenyewe ndiyo inayoamua kama tangazo litakaa mwanzo au mwisho, na kama linaweza kurukwa. Yaliyobaki mikononi mwa mwenye chaneli ni mambo mawili: kategoria za matangazo na matangazo ya katikati.

Kwa watu wa pwani, kategoria ndiyo yenye kelele. Unapandisha zefe ya Maulidi, na kabla twari hazijalia linatangulia tangazo la kamari. Watazamaji hawamlaumu mtangazaji, wanakulaumu wewe. Ukiwa na AdSense yako, yaani akaunti ya Google inayokulipa mapato ya matangazo, unaingia kwenye vidhibiti vya kuzuia matangazo na kufunga kategoria nyeti kama uchumba, dini na siasa, uhakikishe pombe na kamari haziruhusiwi, au uzuie anwani ya tovuti ya mtangazaji fulani. Usitegemee yabadilike papo hapo. Na usifunge kila kitu: matangazo hushindania nafasi kwa mnada, wanunuzi wakipungua na bei inashuka. Kamari, pombe na uchumba zinatosha kwa chaneli nyingi za dini.

Ndani ya netiweki, matangazo hupitia akaunti yao. Vizuizi vyako vya zamani usivihesabu. Taka iandikwe kwenye mkataba: kategoria zipi zitafungwa kwenye chaneli yako, nani wa kumwandikia likipenya tangazo baya, na atajibu ndani ya siku ngapi. Wakikuambia "hilo tutaliangalia baadaye", jua hawana mpango nalo.

Matangazo ya katikati yanaruhusiwa video ikifika dakika 8. Ukiachia mfumo uyapange wenyewe, kuna siku litakata beti katikati. Kwa kasida, weka alama kwa mkono pale twari zinaponyamaza, kabla msomaji mwingine hajapokea. Kwa mapishi, weka baada ya sufuria kufunikwa, si wakati nazi inamiminwa. Alama si ahadi kwamba tangazo litatokea kila mara, kwa hivyo kurundika nyingi hakukuongezei pesa kwa kiasi hicho. Netiweki inaweza kubadilisha mpangilio wa video nyingi kwa mpigo, na kazi yako ya mkono ikafutika. Hilo nalo liandikwe.

Sasa asilimia. Matangazo ya video ndefu yakiingiza dola 100, YouTube inabaki na 45 na upande wako unapata 55. Netiweki ikichukua asilimia 30, ni 30 ya hizo 55, yaani dola 16.50. Unabaki na 38.50. Mkataba unaosema "utapata asilimia 70" bila kusema asilimia 70 ya nini haujakamilika. Uliza pia kama utaruhusiwa kuona mapato yako ndani ya YouTube Studio, ukurasa wa kusimamia chaneli, kwa sababu netiweki inaweza kuyaficha ukabaki kuamini karatasi wanayokutumia.

Kodi haikwepeki kwa kujiunga. Fomu ya kodi ya Marekani bado utaijaza. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo mapato ya watazamaji wa huko hukatwa asilimia 30. Ya watazamaji wa Kenya au Oman hayaguswi na makato hayo. Netiweki ya Kenya ikikulipa, kuna asilimia 5 ya zuio la kodi, iliyoletwa na Sheria ya Fedha ya 2023. Dai cheti chake.

Madai ya hakimiliki yanawatesa wanaorekodi harusini na kwenye maulidi, kwa kuwa sauti ya spika huenda imesajiliwa na mwingine. Ukipinga ndani ya siku 5, mapato huzuiliwa tangu siku ya kwanza ya dai hadi shauri liishe; anayedai ana siku 30 za kujibu. Ukichelewa, pesa za siku za mwanzo zinaweza kumwendea yeye. Kwa hiyo ulizia nani atapinga, wewe au netiweki, maana siku 5 hupita mkisubiriana.

Mwisho, soma muda wa mkataba na kama unajirudia wenyewe usipotoa notisi. Andaa AdSense yako kabla ya kutoka kwenye netiweki. Salio likifika dola 10, Google hutuma PIN ya kuthibitisha anwani yako kwa barua ya posta, nayo huchukua wiki kadhaa. Andika sanduku la posta linalofunguliwa kweli, pamoja na msimbo: 80500 kwa Lamu, 80200 kwa Malindi. Sanduku la shule au la ofisi ya mjomba lina tabia ya kupoteza barua.