Mbwa mdogo asiyekuja akiitwa

SWALI: Daktari, mimi ni mkazi wa Soweto, Moshi. Nina mbwa dume wa miezi minne, mchanganyiko wa Jemani shepadi, niliyemchukua kwa ajili ya ulinzi. Nikimwita haji, husimama mbali akanitazama, kisha hukimbia. Huwang'ata watoto mikono na kuangusha nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Nimemchapa, na mchana kutwa namfungia bandani, lakini ukaidi unazidi. Jirani ananishauri nimtilie pilipili katika chakula. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, mbwa anayesimama mbali na kukutazama amekusikia vizuri. Anachofanya ni kupima iwapo kukujia kuna faida. Jiulize ni wakati gani unamwita, na akifika hutokea nini. Kwa ninavyoona katika nyumba nyingi za hapa mjini, mbwa huitwa asubuhi ili afungiwe, au huitwa baada ya kuharibu kitu ili achapwe. Basi jina lake limekuwa kwake tangazo la kifungo. Na fimbo unayompiga haihusishi na nguo alizoangusha dakika kumi zilizopita, bali na tendo lake la mwisho, yaani kukujia. Wewe unauita ukaidi, lakini mimi naona mwanafunzi aliyelishika barabara somo ambalo hukukusudia kumfundisha.

Anza upya, na ni afadhali ubadilishe hata neno la kumwitia, kwa kuwa la zamani limekwishaharibika. Chagua neno moja fupi, kwa mfano "njoo", na watu wote wa nyumbani walitumie hilo hilo. (Wapo wanaoamini kwamba mbwa wa jamii hiyo huelewa Kiingereza tu, lakini hakuna mbwa anayezaliwa na lugha.) Chemsha maini bila chumvi, uyakate vipande vidogo kama punje za mahindi. Ukiwa hatua mbili tu kutoka kwake, tamka neno lako mara moja, na akikufikia mpe kipande papo hapo, kwa maana ukichelewa hata sekunde chache ataihusisha zawadi hiyo na jambo jingine. Kisha mwache aende zake. Watu wengi huiruka hatua hii ya kumwachia, ilhali ndiyo inayomthibitishia kwamba kukujia si mwisho wa uhuru wake.

Rudia zoezi hilo kwa dakika tano, mara tatu kwa siku, kabla hajala, ukiongeza umbali kidogo kidogo ndani ya ua. Mpaka atakapozoea, mfunge kamba nyepesi ya mita tano hivi wakati wa mazoezi, ili asipate nafasi ya kujifunza kukukimbia. Unapolazimika kumfungia, mfuate alipo, usimwite.

Kung'ata ni jambo la umri wake. Katika miezi minne meno 28 ya utotoni huwa yanang'oka kupisha 42 ya ukubwani, na kazi hiyo huendelea hadi karibu miezi saba. Mpe kitambaa kigumu kilicholowekwa katika maji baridi akitafune, na uwafundishe watoto kusimama tuli anapowashika mikono, kwa sababu wakikimbia na kupiga kelele mchezo humnogea. Kuhusu nguo, inua kamba yako.

Pilipili humchoma tumbo tu. Haimwongezei utii wala ukali wenye manufaa. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni banda la mchana kutwa, kwa kuwa mbwa asiyezoeshwa wageni, bodaboda na kelele za mtaani angali mdogo hukua akiwa mwoga, na mbwa mwoga hung'ata bila kubagua kati ya mwizi na mjukuu. Mtembeze kila siku, hata nusu saa jioni.

Hukutaja chanjo. Kama hajachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida hutolewa afikishapo miezi mitatu, mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii. Na mtoto yeyote atakayetoboka ngozi kwa meno yake aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tundu ni dogo kama la sindano.