Barua kwa mwanangu: nusu kilo ya sukari

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama Katiba yetu ya Tanzania haitudharau inapomtaka mgombea ubunge ajue tu kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, maana jimboni kwako msomi wa shahada ya uzamivu anashindana na mfanyabiashara wa dagaa aliyeishia darasa la saba. Wakenya nao, unasema, walitunga sheria ya kudai shahada kwa wabunge, Mahakama Kuu ikaitupa. Sawa. Mimi swali lako limenipeleka kwa bibi yako.

Unamjua: herufi hajui, lakini madeni ya mtaa mzima yako kichwani. Hujazaliwa bado alipogombea ubalozi wa nyumba kumi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, sukari na sabuni tunazipangia foleni. Mpinzani wake karani wa shamba la mkonge, suruali imepigwa pasi. Mzee mmoja akauliza: zikija kilo tano kwa nyumba kumi, utagawaje? Karani hata pumzi hakuvuta. Nusu kilo kila nyumba! Makofi. Bibi yako yeye akataka kwanza kujua nani ana mzazi ndani anayehitaji uji, nani kasafiri, nani anaishi peke yake. Kijana mmoja huko nyuma akapaza sauti: "Na orodha utaandika kwa dole gumba?" Watu wakaangua kicheko. Bibi yako akakaa. Yule kijana leo ni mzee wa kuheshimika, na salamu yake mpaka sasa naiitikia nusu.

Nimekwambia tangu uko mdogo, akili ya kiongozi iko masikioni. Mwangalie Bibi Titi Mohamed. Shule yake ya msingi tu, lakini mwaka 1955, TANU, chama kilichodai uhuru, ilipotaka wanawake wajiunge, alivifuata vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, kwa kuwa huko ndiko walikokuwa wamekwisha kujipanga wenyewe. Nyerere na shahada yake ya Edinburgh hakuona haya kumtegemea. (Walikuja kukosana vibaya, hayo ya siku nyingine.) Na Mzee Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga, na si yeye aliyewagusa. Mtihani gani wa chuo ungetuonyesha hilo mapema?

Najua utakachosema: masikio hayasomi mkataba wa madini wa Kiingereza. Kweli. Asiyesoma ni mateka wa anayemsomea. Lakini ile mikataba tunayoilalamikia, iliwekwa saini na watu wa darasa la saba?

Tena, nikiwa mkweli, nusu kilo ya karani nayo ilikuwa na haki yake. Balozi anayegawa kwa kutazama nani ana shida, leo atampa mzazi, kesho atampa shemeji. Bibi yako asingefanya hivyo. Ila angefuata mwingine baada yake, na huyo je? Karani angalau ungeweza kumhesabia. Hapo huwa nakwama, kisha nakumbuka kile kicheko, nami narudi upande wa mama yangu. Masikio, mwanangu.

Sasa yupi kati ya hao wawili? Kura ni yako, nami nimeapa kutoingilia. Baba yako yuko hapa anacheka, anasema sitaweza. Nitaweza. Wewe nenda mkutanoni kwa huyo msomi, hotuba iache ipite, ngoja maswali, uone kama muulizaji anaachwa amalize. Kwa muuza dagaa fanya vivyo hivyo, ingawa yeye nasikia... basi, nimenyamaza.

Wajukuu wangu wabusu. Nauli ya Desemba msisahau kuweka pembeni.

Mama yako