Floraidi si ya daktari wa meno peke yake
Je, ni sawa huko Marekani kuwafundisha wanafunzi wa udaktari na wasaidizi wa madaktari kupaka meno ya watoto floraidi, madini yanayokinga meno yasioze? Ndiyo, ni sahihi kabisa, hawamwingilii daktari wa meno. Tangu 2014 jopo la kitaifa la huduma za kinga, USPSTF, linashauri watoa huduma ya afya ya msingi wenyewe, yaani wa kliniki za kawaida, waanze kupaka mara meno ya utoto yanapochomoza. Mwaka 2021 likarudia ushauri huo kwa walio chini ya miaka 5. Mtoto mchanga huletwa kliniki ya kawaida mara nyingi kabla hajamwona daktari wa meno, na kupaka ni dakika chache tu. Ila jino likishatoboka floraidi haizibi tundu. Hapo apewe rufaa, tena mapema.