Maswali kuhusu James Hadley Chase, na majibu bila kubembelezana

Safari hii barua nyingi zimemwangukia Chase, mwandishi wa riwaya za uhalifu. Nimeyaweka kando maswali ambayo mtu angejijibu kwa kugeuza kitabu na kusoma jalada la nyuma, isipokuwa moja lisilokoma kuja. Naanza nalo ili tuachane nalo.

Chase alizaliwa mji gani wa Marekani?

Hakuzaliwa Marekani. Alizaliwa London, Uingereza, tarehe 24 Desemba 1906, akaitwa René Lodge Brabazon Raymond. Baba yake alikuwa afisa katika jeshi la kikoloni la India. Nimeshalijibu hili mara nyingi kupita kiasi, na atakayeuliza tena asingoje jibu.

Kama ni Mwingereza, aliwezaje kuijua Marekani na majambazi wake namna ile?

Kwa kusoma. Mezani kwake palikuwa na ramani, ensaiklopidia na kamusi za misimu ya Kimarekani. Marekani kwenyewe alipita tu, Miami na New Orleans, na hakukaa. Waliomtangulia walikuwa wameshatengeneza lugha ya magenge na wapelelezi, naye akajifunza kwao mpaka wasomaji wengi wakaamini ni mtoto wa Chicago.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Kabla ya kuandika, mtu huyu alikuwa muuza vitabu. Aliondoka kwao akiwa na miaka 18, akauza ensaiklopidia za watoto, akafanya kazi dukani, kisha kwa wauzaji wa vitabu wa jumla. Aliona kwa macho yake kitabu gani kinagombewa na kipi kinaota vumbi rafuni. Alijua kiu ya Waingereza kwa hadithi za magenge ya Marekani kabla hajaandika hata sentensi moja.

Nalisema hili kwa sababu sikosi barua ya kijana anayetaka kwanza "kuonja maisha ya wahuni" ndipo aandike riwaya ya uhalifu. Ndugu yangu, kaa nyumbani usome. Jela haifundishi mtu kupanga sura za kitabu.

Inasemekana No Orchids for Miss Blandish aliiandika kwa wikendi sita. Mimi nina likizo ya mwezi mzima. Si nitamaliza?

Kumaliza utamaliza. Kama kitasomeka ni shauri jingine. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1939, Chase akiwa na miaka 32, na hata tukiikubali hadithi ya wikendi sita kama ilivyo, nyuma yake kuna miaka zaidi ya kumi ya kushika, kuuza na kusoma vitabu vya wenzake. Hiyo hamuihesabu. Halafu hakuishia hapo. Mpaka riwaya yake ya mwisho mwaka 1984 alikuwa ameandika vitabu kama 90, yaani wastani wa viwili kwa mwaka kwa miaka 45, vita vya dunia vikiwamo, ambavyo alivitumikia katika jeshi la anga la Uingereza. Mnaoniandikia kuhusu zile wikendi sita hamniulizi kamwe kuhusu ile miaka 45.

Paradise City iko upande gani wa Florida? Ningependa kutembelea.

Ni mji wa kubuni, uko ndani ya riwaya za Chase tu. Okoa nauli yako.

Nimesikia Chase alikuwa mwizi wa maandishi. Ni kweli au ni wivu?

Ni kweli, nanyi mashabiki mmezoea kulipitia kimyakimya. Mwaka 1945 alitoa Blonde's Requiem kwa jina la Raymond Marshall, mojawapo ya majina yake ya kalamu. Raymond Chandler, bingwa wa hadithi za upelelezi Marekani, akakuta humo vifungu vilivyochotwa kwenye vitabu vyake. Chase alilazimika kuomba radhi hadharani katika The Bookseller, jarida la wafanyabiashara wa vitabu Uingereza. Fikiria aibu hiyo: aliungama mbele ya watu walewale aliofanya nao kazi.

Je, ilimmaliza? Hapana, aliandika karibu miaka 40 zaidi. Lakini doa halijafutika, ndiyo maana wewe unaliuliza leo. Kuazima mtindo ni jambo la kila mwandishi. Chase alijifunza mengi kwa James M. Cain, mwandishi wa Kimarekani wa riwaya za uhalifu, na hakuna anayemlaumu. Kubeba sentensi za mtu ni wizi.

Na kwa kuwa tupo hapa: kuna wanaochukua riwaya za Chase mwenyewe, wakabadilisha majina ya wahusika na ya miji, wakatafsiri nusunusu, kisha wakaandika chini "mtunzi ni mimi". Wawili wamewahi kuniletea kazi za namna hiyo niwasifie. Sikuwajibu, na hili ndilo jibu lao.

Nimeisoma Miss Blandish na sioni kilichomtisha George Orwell. Alizidisha chumvi?

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye ukurasa wa hakimiliki. Karibu hakika umesoma toleo ambalo Chase mwenyewe aliliandika upya mwaka 1961, alipoona dunia ya 1939 imekuwa mbali na kizazi kipya. Orwell, yule mwandishi Mwingereza wa Animal Farm, alikuwa na lile la kwanza mkononi alipoandika insha yake ya 1944, na lile lilikuwa kali zaidi.

Tena, wengi humtaja Orwell bila kumsoma. Hakusema kitabu kimeandikwa vibaya. Alikisifu kuwa kimeandikwa kwa ustadi mkubwa, karibu bila neno la ziada. Kilichomkera ni kuabudu nguvu: katika dunia ile polisi na jambazi hutumia mbinu zilezile, na anayeshinda ndiye mwenye haki. Tena kitabu kilivuma sana mwaka 1940, Waingereza wakidondoshewa mabomu. Mimi nipo upande wa Orwell kwa nusu. Ukatili wa kitabu kile ni wa kweli, ila Chase wa baadaye si huyo, na kumhukumu kwa kitabu kimoja kati ya 90 ni uvivu.

Yale majalada ya wasichana waliovaa nusu nguo: ni vitabu vya ngono? Mwanangu wa miaka 15 amevipata.

Jalada ni kazi ya mchapishaji, na mara nyingi msichana yule hana uhusiano wowote na kisa. Ni kweli kwamba kitabu chake cha 1941, Miss Callaghan Comes to Grief, kilimfikisha mahakamani mwaka uliofuata kwa kosa la uchafu, akatozwa faini ya pauni 100, na mchapishaji vivyo hivyo. Lakini kwa jumla utakuta damu nyingi kuliko vitanda. Mimi ningemwachia asome. Ningemwambia jambo moja tu: wanawake wa Chase kwa kawaida ni chambo au ni maiti, na hiyo ni kasoro ya mwandishi. Asiichukue kama habari kuhusu wanawake.

Nianze na kipi?

The World in My Pocket (1959), wizi wa gari lenye kinga ya chuma la kubebea fedha. Au Tiger by the Tail (1954): karani wa benki, mke kasafiri, usiku mmoja wa upumbavu, kisha maiti. Usianze na Miss Blandish.

Willy Gamba wa Elvis Musiba si Chase kwa Kiswahili?

Hapana. Gamba, shujaa wa riwaya za Mtanzania Musiba, ni jasusi, ana nchi nyuma yake, na anashinda. Watu wa Chase hawana bendera. Wanataka fedha za haraka, wanapanga vizuri, halafu mpango unawaangukia. Kama lazima umtafutie Gamba ndugu, mtafute kwa James Bond.

Naomba unitumie vitabu vyote vya Chase kwa PDF.

Chase alifariki Uswisi tarehe 6 Februari 1985. Sheria ya Uingereza hulinda kazi ya mwandishi kwa miaka 70 baada ya mwaka aliofariki, kwa hiyo hakimiliki yake inaisha mwisho wa 2055. Niandikie Januari 2056.