Swali: Watoto wanaoomba Dakar, nikiwapa hela napata thawabu?

SWALI: Assalam alaykum sheikh. Mimi ni Mtanzania, niko Dakar kikazi. Kila asubuhi kwenye foleni wanakuja watoto wadogo, peku, wameshika makopo ya nyanya, wanaomba. Naambiwa ni wanafunzi wa Quran na mwalimu wao ndo anawatuma. Nimekuwa nawapa chenji kila siku. Hii ni sadaka au nasaidia biashara ya watoto?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Dada yangu, swali lako limenikosesha usingizi, maana mimi mwenyewe nimelelewa chuo cha Quran.

Kwanza ujue ilivyoanza. Zamani kule Senegal daara, yaani vyuo vya Quran, zilikuwa vijijini, mtoto anasoma, masika ikifika anamlimia mwalimu wake, na kuomba ilikuwa kuomba chakula tu kwa majirani ili ajifunze unyenyekevu. Ukame wa miaka ya 1970 ukawasukuma walimu wengi mjini, mjini hakuna shamba, basi kopo la chakula likageuka kopo la hela, na wengine wakaanza kumpangia mtoto kiasi cha kuleta kila siku, asipofikisha anachapwa. Watoto wengine wanavushwa mpaka kutoka Guinea Bissau. Mzazi anamtoa mwanae kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu kule mtoto kulelewa na mtu mwingine ni jambo la heshima, na kumuuliza mwalimu wa dini "mwanangu analala wapi?" inaonekana ni utovu wa adabu. Hapo ndipo mlango wa dhulma unapofunguka.

Sasa hukumu. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu anasema watu watatu Yeye atakuwa hasimu wao siku ya Kiyama, mmoja wao ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, mwingine ni aliyemtumikisha mtu asimpe ujira wake. Mtoto anayezunguka juani ili mtu mzima ale, hata kama jioni anafundishwa aya mbili, ni dhulma, na kuhifadhisha Quran hakuihalalishi! Hata sheria ya Senegal ya 2005 imekataza kumwombesha mtu kwa faida yako.

Na sisi watoaji tumo. Wengi kule wanaambiwa na waganga watoe sadaka ya sukari au mishumaa ili mambo yao yafunguke, kwa hiyo wanamhitaji mtoto wa kumpa, na mtoto lazima awepo barabarani.

Kwa hiyo hela usimpe, inaishia kwa anayemtuma. Mpe mkate wenye kitu ndani, maji, ale ukimuona. Halafu waulize kina mama wa mtaani kwako, wapo wanaomchukua mtoto mmoja wa daara wakamfulia na kumlisha kila siku kama mtoto wao. Ukitaka kuchangia daara nenda mwenyewe, uone wanapolala. Machi 2013 moto uliua watoto wa daara mtaa wa Medina hapohapo Dakar, usiku, wamelala wamebanana chumbani.

Zile ulizotoa nyuma ulitoa kwa nia njema, Mungu anaijua nia yako, usijisumbue nazo.