Mwezi wa kwanza kwenye chekechea ya Kifaransa: kaa mkekani

Kama unaanza kazi ya usaidizi wa darasa kwenye chekechea ya Kifaransa hapa Dar, na Kifaransa chako ni cha miezi michache ya masomo ya jioni, haya nakuandikia wewe. Mimi nilianza hivyohivyo mwezi Septemba, shule zinazofuata mtaala wa Ufaransa zinapofungua mwaka. Nilikuwa na daftari limejaa vitenzi. Asubuhi ya kwanza, hata begi sijaweka chini, mtoto wa miaka mitatu akanijia akilia, kamasi zinamtiririka, akaniambia maneno mengi nisiambulie hata moja. Nilihisi kama nimedanganya kwenye usaili.

Baadaye mwalimu akaniambia kwamba naye hakumwelewa. Mtoto alikuwa akisema lugha ya kwao. Kifaransa kilikuwa kigeni kwake kama kilivyokuwa kwangu, na wenzake wengi walikuwa vivyo hivyo: nyumbani kwao ni Kiswahili, au Kiingereza, au Kigujarati. Ukilijua hilo tangu siku ya kwanza utapunguza woga. Darasa hilo limepangwa kwa ajili ya watu wasiojua Kifaransa, na wewe ni mmoja wao.

Madarasa ya maternelle, yaani chekechea yao, ni matatu: petite section ya watoto wa miaka mitatu kwenda minne, moyenne section wanaofuata, na grande section, ambao mwaka unaofuata wanaingia la kwanza. Huko Ufaransa kwenyewe, tangu 2019 elimu ni lazima kuanzia miaka mitatu, kwa hiyo usiichukulie kama mahali pa kuangalizia watoto tu. Kila kinachofanyika pale kina sababu yake, hata kama kwa macho ni kupaka rangi.

Asubuhi watoto wote hukaa kwenye mkeka. Wanakiita hicho kipindi regroupement. Kila mtoto anatafuta kikaratasi chenye jina lake, kinachoitwa étiquette, na kukibandika ubaoni kuonyesha kwamba amefika. Wanahesabu waliopo na wasiokuwepo. Wanataja siku, wanachungulia dirishani na kusema hali ya hewa, wanaimba wimbo wa vidole. Kesho yake hivyohivyo. Keshokutwa hivyohivyo.

Wiki ya kwanza yote kipindi hicho nilikitumia kuchonga penseli na kuosha brashi. Nilitaka nionekane mchapakazi. Wiki ya pili mwalimu akaniomba nikae mkekani na watoto, na hapo ndipo masomo yangu yalipoanza kweli. Fikiria: swali lilelile, kwa sauti ileile, na jibu linaonekana kwa macho, kila siku ya kazi kwa mwezi mzima. Il fait chaud, kuna joto, niliijua bila kuikariri, maana tulikuwa tunatokwa jasho wote. Penseli zitachongwa mchana. Usikubali kipindi hicho kikupite.

Siku za wiki zinasumbua kwa namna yake. Sisi tunahesabu: mosi, pili, tatu, tukianzia Jumamosi. Kwao lundi, Jumatatu, imetokana na mwezi wa angani, mardi, Jumanne, na sayari ya Mars, kwa hiyo hakuna hesabu ya kukusaidia. Zipokee kama wimbo, jinsi watoto wanavyozipokea. Na le na la, vijineno vinavyotangulia majina yao, usizitafutie mantiki. Mtu akikuuliza kwa nini kikombe ni cha ki- na sahani si ya ki-, utamjibu nini? Ulizaliwa ukasikia. Basi usiandike kamwe neno table, meza, peke yake kwenye daftari, andika la table, lishike na ngeli yake.

Sauti ndizo zilizonitoa jasho. Dessus ni juu, dessous ni chini, na tofauti yake yote iko kwenye irabu ya mwisho. Ile ya dessous ni u yetu. Ile ya dessus Kiswahili hakina: sema i, halafu midomo uikusanye kama unapuliza mshumaa. Siku moja niliambiwa niweke michoro ya watoto dessous, chini ya meza, nikaipanga juu, pembeni ya makopo ya maji ya rangi. Kopo moja likapinduka. Watoto wawili waliona kazi yao ikichuruzika, na mmoja alilia sana. Ukiwa na shaka, onyesha kwa kidole na uulize, Là? yaani, hapo? Hakuna atakayekushangaa.

Saa nayo iangalie. Mwalimu alisema kikao ni kesho, deux heures. Kichwani mwangu deux ikawa mbili, mbili ikawa saa mbili. Asubuhi nikafika chumbani hakuna mtu, na mchana saa nane wakaanza kunitafuta. Sote tunajua kugeuza saa za Kizungu, lakini ukiwa na wasiwasi akili hushika njia fupi. Siku hizi naandika saa zote mbili, ya Kifaransa na yetu, kabla sijaondoka mbele ya aliyeniambia.

Kuna neno utalisikia kuliko mengine: tout seul, yaani peke yake. Mtoto anahangaika na kiatu dakika tano, kisigino hakiingii, na wewe mikono inakuwasha. Kwetu mtu mzima anayemtazama mtoto akihangaika bila kumsaidia anaonekana hana huruma, na mimi mwanzoni niliona hivyo. Nilipiga magoti nikamvalisha. Mwalimu akaja taratibu, akakivua kile kiatu, akamrudishia mtoto. Iliniuma. Lakini kabla Septemba haijaisha mtoto yule alikuwa anavaa mwenyewe na kukimbilia uwanjani. Sasa ninachofanya ni kukaa chini karibu yake na kutaja kila hatua kwa Kifaransa: mguu, kiatu, vuta. Anapata kiatu, mimi napata vitenzi.

Kuhusu Kiswahili chako, usikiache getini. Fuata utaratibu wa darasa, maelekezo yawe Kifaransa, ila mtoto aliyeumia au anayemlilia mama yake mbembeleze kwa lugha anayoijua ikiwa na wewe unaijua. Akishatulia, rudia kwa Kifaransa. Na akikuamkia shikamoo, itikia marahaba kwanza, ndipo umwambie bonjour ukimtazama usoni. Wapo watakaosema unawachanganya. Mimi sikuona hata mmoja aliyechanganyikiwa. Walijifunza upesi kwamba kila mlango una hodi yake.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi ule mwalimu alikwama kwenye foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Watoto walikuwa tayari mkekani, wananitazama. Nikaanza. Nilitaja siku, nikauliza hali ya hewa, tukahesabu. Idadi ya kumi na tatu niliikosea, wakanirekebisha kwa pamoja, tukaendelea. Tulipomaliza étiquettes, yule wa kamasi wa siku ya kwanza akasimama, akaupitia ubao mzima kwa kidole, akanigeukia: Et toi, tu es là? Na wewe, upo?

Jina langu halikuwemo. Jumatatu nilipofika nililikuta limeandikwa kwa herufi kubwa kama ya petite section, limewekwa kwenye kikapu na mengine, nilitafute mwenyewe.