Maswali ya Wasomaji: Mabalasi ya Kana

SWALI: Yohana 2:6 inataja mabalasi (mitungi mikubwa ya maji) sita ya mawe kwenye arusi ya Kana, ambako Yesu aligeuza maji kuwa divai; kila moja lilichukua nzio mbili au tatu. Tumefundishwa kwamba yalikuwa na maji machafu ya kuogea, na kwamba Yesu aliyatumia kuonyesha kuwa ameikataa Sheria ya Musa. Ni kweli? Na nzio ni kiasi gani?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Si kweli, na Injili yenyewe haisemi hivyo.

Nzio moja ni kama lita 40. Balasi la nzio mbili au tatu lilichukua lita 80 hadi 120. Yote sita, lita 480 hadi 720. Arusi iliweza kuendelea siku saba (Waamuzi 14:12), na wageni walinawa mikono kabla ya kula (Marko 7:3).

Jiwe nalo lina sababu. Soma Walawi 11:32-33: mzoga wa kiumbe kidogo kilicho najisi ukiangukia chombo cha mti, nguo au ngozi, kinatiwa majini hadi jioni, ukiangukia ndani ya chombo cha udongo, kinavunjwa. Jiwe halimo katika orodha hiyo, na Wayahudi wa wakati ule walilihesabu kuwa halishiki unajisi. Balasi la udongo likinajisika ni hasara tupu, la jiwe linaendelea kutumika. Mabalasi makubwa ya namna hiyo, yaliyokerezwa kwa jiwe laini la chokaa, yamechimbuliwa katika nyumba za Yerusalemu zilizoteketezwa na Warumi mwaka 70. Galilaya pia haikuwa nyuma: huko Reina, jirani na Nazareti, mwaka 2017 ilichimbuliwa karakana iliyotengeneza vikombe na mabakuli ya jiwe.

Kuoga kwa utakaso kulifanyika kwingine, katika birika la maji ya mvua au chemchemi yaliyojikusanya yenyewe. Maji yaliyotekwa na kubebwa hayakufaa kwa kazi hiyo. Ya kwenye balasi yalichotwa kwa chombo kidogo na kumiminwa juu ya mikono, wala mtu hakutumbukiza mikono ndani. Kwa hiyo yalikuwa safi, na hata hivyo Yesu aliagiza yajalizwe maji hadi juu.

Kosa linalozaa mafundisho hayo ni kudhani unajisi ni dhambi. Aliyejifungua alikuwa najisi (Walawi 12), na aliyegusa maiti ya baba yake vilevile (Hesabu 19), ingawa kumzika mzazi ni wajibu. Mariamu mwenyewe alitimiza siku za kutakaswa (Luka 2:22). Tunasisitiza hili kwa sababu mahubiri yanayowachora Wayahudi kuwa watu wa uchafu na unafiki yamewaumiza wengi kwa karne nyingi, na Yohana hakuandika hivyo.

SWALI: Je, Mishna inafaa kuielezea Injili?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Inafaa, kwa tahadhari. Mishna ni mkusanyo wa mapokeo ya sheria ya walimu wa Kiyahudi. Ilikusanywa karibu mwaka 200, takriban karne moja baada ya Injili ya Yohana. Anza na Torati, kisha angalia kama Injili yenyewe, maandishi ya karne ya kwanza au vitu vilivyochimbuliwa vinaithibitisha desturi hiyo. Kama ushahidi pekee ni Mishna, andika “huenda” katika maelezo yako, hasa kwa taratibu za Hekalu, ambalo lilikuwa limebomolewa zaidi ya miaka 100 kabla ya kitabu hicho kukusanywa.